Hewa Ukaa ya Mito ya Nusutropiki: Tufuate Njia ya Maji Kabla ya Kulaumu Joto

Chukua vipimo vya mwaka mzima vya mto wa ukanda wa nusutropiki wenye mvua za msimu. Chora joto la maji upande mmoja na kiwango cha hewa ukaa (kaboni dioksidi) upande wa pili, na mara nyingi utapata mstari unaopanda. Mstari huo umetumika mno kuhitimisha kwamba joto ndilo linaloendesha utoaji wa hewa ukaa mitoni, na kwamba kadiri dunia inavyozidi kupata joto ndivyo mito hii itakavyozidi kutoa. Ni hitimisho jepesi kulisema, ila halisimami.

Sababu ni kwamba katika ukanda huu joto na mvua huja pamoja. Kwenye latitudo za takriban nyuzi 23 hadi 35, upande wa mashariki wa mabara, mara nyingi miezi ya joto ndiyo miezi ya pepo za msimu na mafuriko, na miezi ya baridi ndiyo mikavu. Udongo unapumua kwa nguvu, mvua inaukamua, mto unajaa na maji yanapata joto, yote ndani ya majuma yale yale. Kipimajoto kinaonekana kueleza kila kitu, kumbe kimesimama tu mahali pa mambo mengine manne au matano yanayokwenda nacho sambamba. Hamia upande wa magharibi wa mabara, latitudo zinazokaribiana na hizo, kwenye hali ya hewa ya aina ya Mediterania ambako mvua hunyesha wakati wa baridi, na joto na wingi wa maji vinapeana mgongo. Anayeichanganya mito ya pande hizi mbili kwenye jedwali moja kwa kuwa yote inaitwa ya nusutropiki anapata wastani usioeleza mto wowote.

Jambo hili si dogo. Tathmini ya Raymond na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2013, ilikadiria kwamba mito na vijito vya dunia hutoa tani bilioni 1.8 za kaboni kwa mwaka kwa njia ya hewa ukaa, na maziwa pamoja na mabwawa tani bilioni 0.32. Makadirio ya mwaka 2022 yaliyofuata miezi badala ya wastani wa mwaka yalifika tani bilioni 2.0. Lakini Lauerwald na wenzake, mwaka 2015, walipata tani bilioni 0.65 tu, kwa sababu vijito vidogo kabisa havikuingia kwenye hesabu yao. Kwa kulinganisha, bahari zote humeza takriban tani bilioni 2.5 hadi 3 kwa mwaka. Tofauti kati ya makadirio haya peke yake inatosha kuharibu mizania ya kaboni ya bara zima.

Isieleweke kwamba gesi hii ni uchafuzi mpya kama moshi wa makaa ya mawe. Sehemu yake kubwa ni kaboni ambayo mimea ya nchi kavu iliichukua angani majuzi tu, ikapita udongoni, ikarudi angani kupitia maji. Hata hivyo, msitu ukihesabiwa kuwa umehifadhi kaboni fulani huku sehemu yake ikivuja kupitia vijito bila kupimwa, basi hesabu ya msitu ni ya uongo, hata kama kila mti umepimwa kwa uangalifu.

Joto linafanya nini hasa

Gesi inayotoka mtoni kwa kila mita ya mraba ni zao la vitu vitatu: kasi ya ubadilishanaji wa gesi kati ya maji na hewa, uwezo wa maji kuyeyusha gesi, na tofauti ya kanieneo (msukumo wa gesi) ya hewa ukaa kati ya maji na hewa. Joto linagusa vyote vitatu, lakini si kwa upande mmoja.

Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, lita moja ya maji yasiyo na chumvi huyeyusha takriban moli 0.039 (moli ni kipimo cha wingi wa chembe) za hewa ukaa kwa kila atimosfia. Kwenye nyuzi 30 ni 0.030. Uwezo umeshuka kwa karibu asilimia 24. Wakati huohuo namba ya Schmidt, inayoonyesha jinsi gesi inavyopenya kwa shida kwenye maji, inashuka kutoka 600 hadi 360, na kwa kuwa kasi ya ubadilishanaji hufuata kinyume cha kipeuo cha pili cha namba hiyo, kasi inapanda kwa asilimia 29. Zidisha 0.76 kwa 1.29 upate 0.98. Maana yake ni kwamba kanieneo ikibaki ileile, nyuzi 10 za joto hazibadilishi chochote cha maana kwenye kiasi kinachotoka. Nguvu mbili zinafutana.

Mtu atauliza: je, kama kilichobaki vilevile si kanieneo bali wingi wa gesi iliyoyeyuka? Hapo ndiyo, utoaji unapanda kwa takriban asilimia 30. Ila gesi hiyo ingetoka tu. Maji yenye joto yanaitoa mapema zaidi, karibu zaidi na chanzo, na maji ya baridi yanaichukua mbele kidogo kabla ya kuiachia. Joto kwa njia hii linabadilisha mahali na saa ya kutoka. Jumla ya mwaka inaamuliwa na kiasi kilichoingia mtoni.

Inabaki njia ya kibaiolojia: bakteria na mizizi hupumua kwa kasi zaidi penye joto, kwa kawaida takriban maradufu kwa kila nyuzi 10. Hii ni kweli na ni kubwa. Lakini sehemu yake kubwa hutokea udongoni, na udongo mkavu wenye joto haupumui sana. Tunarudi kwenye maji.

Udongo ndio ghala, mvua ndiyo ufunguo

Hewa iliyomo kwenye vitundu vya udongo wakati wa mvua huwa na hewa ukaa kati ya asilimia 1 na 5, yaani mikroatimosfia (milioni za atimosfia) 10,000 hadi 50,000. Hewa ya juu ina takriban 420. Maji yanayopita kwenye udongo huo hujaa gesi kwa kiwango cha udongo, si cha anga, na yakiibuka kwenye chemchemi au kwenye kingo za kijito yanakuwa na deni kubwa la kulipa kwa hewa.

Tazama mvua moja kwenye kijito kidogo. Dakika za mwanzo, matone yanayoangukia moja kwa moja kwenye mkondo na kwenye miamba yanapunguza mkusanyiko, na kanieneo inashuka kidogo. Kisha maji yanaanza kupanda, na jambo linaloshangaza wengi linatokea: mvua haina hewa ukaa ya kutaja, lakini kanieneo ya kijito inapanda. Maji yaliyokuwa yamekaa udongoni kwa siku au majuma yanasukumwa nje na maji mapya, nayo ndiyo yenye gesi. Mafuriko yakifika kileleni, maji yanayotiririka juu ya ardhi yanazidi, hayajakaa udongoni hata nusu saa, na kanieneo inashuka tena. Halafu mvua inakatika, na kwa siku kadhaa udongo uliojaa maji unaendelea kujikamua polepole, ukimwaga maji yenye gesi nyingi kuliko kabla ya mvua. Anayechukua sampuli moja kwa mwezi anaangukia hatua mojawapo kati ya hizi nne kwa bahati tu. Na bahati yenyewe ina upendeleo, kwa sababu watu hawaendi mtoni mvua ikinyesha.

Mvua za kwanza baada ya ukame zina uzito wa pekee. Udongo uliokauka ukiloweshwa ghafla hupumua kwa mlipuko wa siku chache, jambo ambalo H. F. Birch alilieleza mwaka 1958 kutokana na kazi yake kwenye udongo wa Afrika Mashariki, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Mlipuko huo ukikutana na mvua ya pili inayofika juma moja baadaye, gesi inasombwa hadi vijitoni. Mvua ileile ikinyesha mwishoni mwa msimu, udongo ukiwa umeshasuuzwa, haileti kiasi kilekile, hata kama kipimajoto kinasoma namba ileile. Kwa maoni yetu hakuna ushahidi rahisi kuliko huu dhidi ya wanaotegemea joto peke yake: linganisha mvua za mwanzo na za mwisho wa msimu kwenye joto sawa la maji.

Gesi hiyo haikai sana kwenye vijito. Umbali ambao gesi ya ziada inapungua hadi asilimia 37 ya mwanzo unapatikana kwa kuzidisha kasi ya maji na kina, kisha kugawanya kwa kasi ya ubadilishanaji. Kijito chenye kasi ya mita 0.2 kwa sekunde, kina cha sentimita 10 na ubadilishanaji wa mita 10 kwa siku kinatoa mita 173. Mto mkubwa wenye kasi ya mita 0.8 kwa sekunde, kina cha mita 8 na ubadilishanaji wa mita 2 kwa siku unatoa kilomita 276. Kituo cha sampuli kwenye daraja, nusu kilomita chini ya chemchemi, kinapima mabaki. Sehemu kubwa imeshaondoka.

Hii haimaanishi kwamba mto mkubwa haujitengenezei gesi yake. Hotchkiss na wenzake, kwa kutumia vijito na mito ya Marekani, walionyesha mwaka 2015 kwamba gesi inayozalishwa ndani ya maji yenyewe ni takriban asilimia 14 ya inayotoka kwenye vijito vidogo kabisa, ikipanda hadi 39 kwenye mito mikubwa. Zilizobaki zimetoka nje ya maji. Kwenye mto mkubwa wenye nyanda za mafuriko, ardhioevu za pembeni huongeza tena gesi njiani, na hapo mto hutoa gesi ambayo haikutoka kwenye vijito vyake wala kwenye mkondo wake.

Namna ya kutenganisha udongo na uozo wa ndani ya mto

Kuna kipimo cha bei nafuu ambacho bado hakitumiki vya kutosha: oksijeni. Bakteria wakila takataka ndani ya maji, kila moli ya hewa ukaa inayozalishwa inapunguza takriban moli moja ya oksijeni. Maji yaliyoshiba hewa kwenye nyuzi 25 yana mikromoli 258 za oksijeni kwa lita. Ukipima 228, pengo ni 30. Kama hewa ukaa ya ziada kwenye sampuli hiyohiyo ni mikromoli 100, basi takriban 70 hazielezeki kwa upumuaji wa mtoni na ni lazima zimetoka udongoni au kwenye maji ya chini ya ardhi. Hesabu hii ina mipaka yake. Kwenye maji yenye bikaboneti nyingi (kaboni iliyoyeyuka katika umbo la chumvi), hewa ukaa hujazwa tena kila inapotoka, kwa hiyo pengo lake linadumu kuliko la oksijeni. Na maji ya chini ya ardhi nayo huweza kuingia yakiwa na oksijeni kidogo. Lakini kama mchoro wa vitu hivi viwili umelala karibu na mstari wa moli moja kwa moli moja, mto huo unaoza kwa ndani, na mara nyingi utakuta mfereji wa majitaka mahali fulani juu yake.

Majitaka yana mchango wa pili ambao husahaulika. Amonia iliyomo hubadilishwa na bakteria kuwa naitreti, na kila moli ya amonia huachia moli mbili za asidi. Asidi hiyo inageuza bikaboneti kuwa hewa ukaa bila hata chembe ya kaboni mpya kuongezwa. Kwenye mito inayopita mijini, kanieneo inaweza kupanda wakati wa ukame kwa sababu hii: maji ya kuchanganya majitaka ni machache. Hapo msimu mkavu ndio unaoongoza, na mstari wa joto unageuka kichwa chini.

Mawe ya chokaa

Sehemu kubwa ya kusini mwa China, ambako mito mingi ya nusutropiki imechunguzwa, imekaa juu ya chokaa. Maji ya udongo yenye hewa ukaa huyeyusha mwamba na kuzaa bikaboneti, ambayo nusu ya kaboni yake imetoka udongoni na nusu kwenye jiwe. Mto unakuwa na alkalini (uwezo wa maji kuzima asidi) ya milimoli 2 kwa lita au zaidi, na pH, kipimo cha uasidi, karibu na 8. Maji yakitoka pangoni na kukutana na hewa, gesi inatoka, pH inapanda, chokaa inaganda tena kwenye mawe ya mkondo, na mgando huo wenyewe unaachia hewa ukaa nyingine. Kwenye mto Xijiang, tawi kubwa kuliko yote la mto Zhujiang wa kusini mwa China, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2007 vilionyesha kanieneo kati ya takriban mikroatimosfia 600 na 7,200 kwenye sehemu ya chini ya mto mmoja. Tofauti ya mara 12 ndani ya mto uleule ndiyo inayotakiwa kuelezwa. Wastani wake haumsaidii mtu.

Kasi ya ubadilishanaji, pale makosa yanapojificha

Kanieneo hujadiliwa sana kwa sababu hupimika. Kasi ya ubadilishanaji hujadiliwa kidogo kwa sababu hukadiriwa, na hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Mlinganyo mmoja uliotumika mno, uliochapishwa mwaka 2012, unasema: mteremko mara kasi ya maji mara 2841, jumlisha 2.02, na jibu ni mita kwa siku. Mto mkubwa wenye mteremko wa 0.0002 na kasi ya mita 0.8 kwa sekunde unapata 2.5. Kijito cha mlimani chenye mteremko wa 0.02 na kasi ya 0.5 kinapata 30. Angalia kwamba kwenye mto wa tambarare karibu jibu lote ni ile 2.02 iliyowekwa tangu mwanzo. Mlinganyo hauambii chochote kuhusu mto huo. Huko upepo na upana wa mto ndivyo vyenye kauli. Na kwenye vijito vikali, utafiti wa Ulseth na wenzake wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mapovu ya hewa yanayozamishwa na maporomoko huipandisha kasi hadi mbali kuliko milinganyo ya tambarare inavyotabiri.

Kosa kubwa zaidi ni la wastani. Chukua dimbwi lililotulia lenye tofauti ya kanieneo ya 2,580 na ubadilishanaji wa mita 1.5 kwa siku, na maporomoko yenye tofauti ya 380 na ubadilishanaji wa 30. Zidisha kila sehemu peke yake, kisha tafuta wastani: 7,635. Sasa tafuta wastani wa kanieneo na wastani wa kasi kwanza, ndipo uzidishe: 23,310. Mara tatu ya jibu sahihi. Hili si bahati mbaya ya mfano tuliouchagua. Penye msukosuko mkubwa gesi imeshatoka, kwa hiyo kanieneo ni ndogo, na vitu hivi viwili hupingana karibu kila mahali. Ripoti yoyote inayotangaza jumla ya bonde la mto kwa kuzidisha wastani mbili inastahili kurudishwa kwa waandishi.

Mabwawa na mwani

Kama joto lingekuwa ndilo dereva, mito ya China ingepaswa kuongeza utoaji katika miongo iliyopita. Ran na wenzake, mwaka 2021, waliripoti kinyume chake: maji ya bara ya nchi hiyo yalishuka kutoka takriban tani milioni 138 za kaboni kwa mwaka katika miaka ya 1980 hadi milioni 98 katika miaka ya 2010. Walihusisha kushuka huko na kugeuzwa kwa mito kuwa mabwawa na upandaji wa misitu kwa kiwango kikubwa. Uwanda wa juu wa Tibet ulikwenda njia nyingine, ukiongezeka.

Bwawa linatuliza maji, tope linazama, mwanga unapenya, na mwani wenye mbolea ya kutosha unameza hewa ukaa mchana kucha. Kanieneo ya juu ya bwawa inaweza kushuka chini ya ile ya anga. Hapa tunatoa tahadhari kwa wanaoshangilia: kaboni iliyozama inaoza chini bila oksijeni na kutoa methani, na maji ya kina yanayopita kwenye mitambo ya umeme hutoka upande wa pili yakiwa na gesi tele ambayo huondoka ndani ya kilomita chache. Kipimo cha juu ya bwawa bila kipimo cha chini ya ukuta ni nusu ya habari.

Kupima bila kujidanganya

Njia ya zamani ni kukokotoa kanieneo kutoka pH na alkalini. Kwa maji ya chokaa yenye alkalini ya milimoli 2 kwenye nyuzi 25, pH ya 8.0 inatoa takriban mikroatimosfia 1,300, na pH ya 7.7 inatoa 2,600. Kosa la pH la 0.1 tu ni asilimia 26. Elektrodi iliyochakaa inaweza kukosea kiasi hicho kabla ya saa sita mchana. Kwenye maji laini, yenye asidi na rangi ya chai kutokana na majani, hali ni mbaya zaidi: asidi za mimea huhesabiwa kama alkalini ya kaboneti, na jibu linapanda mara kadhaa ya ukweli. Abril na wenzake walilieleza hili wazi mwaka 2015. Takwimu za zamani za mito ya aina hiyo zitumike kwa tahadhari kubwa au zisitumike.

Njia bora ya mkono ni ya nafasi ya hewa. Vuta mililita 30 za maji kwenye bomba la sindano la mililita 60 bila povu hata moja, ongeza mililita 30 za hewa ya pale pale, funga, tikisa kwa nguvu dakika 2 bomba likiwa ndani ya ndoo ya maji ya mto ili joto lisibadilike, kisha hamishia hewa kwenye kichupa kilichofyonzwa hewa. Chukua pia sampuli ya hewa uliyotumia. Watu hukosea kwenye hesabu ya mwisho: maji yenye mikroatimosfia 2,500, kwenye nyuzi 25 na hewa ya 420, yatasoma takriban 1,365 baada ya kutikiswa, kwa sababu gesi imegawana nafasi mbili. Anayeandika 1,365 kama jibu ameupunguza mto karibu nusu. Kwenye maji yenye mwani wa mchana na kanieneo ndogo kuliko ya anga, ni lazima pia mabadiliko ya bikaboneti yaingizwe kwenye hesabu, la sivyo jibu linaweza hata kuwa hasi.

Chemba inayoelea hupima utoaji wenyewe. Iachwe ielee na mkondo. Ikifungwa kamba sehemu moja, maji yanayoipiga kingo hutengeneza msukosuko usiokuwapo na jibu linapanda. Kingo zizame sentimita 2 hadi 3, juu pawe peupe ili jua lisiipashe hewa ya ndani. Kwa chemba ya lita 15 yenye eneo la mita ya mraba 0.1, mto unaotoa milimoli 71 kwa mita ya mraba kwa siku, ambazo ni gramu 0.85 za kaboni, utaonyesha ongezeko la takriban ppm 8 (sehemu 8 kwa milioni) kila dakika. Dakika 10 zinatosha. Mstari ukipinda mwanzoni, chemba ilitikiswa wakati wa kuwekwa, na dakika hizo zitupwe.

Kisha kuna usiku. Gómez-Gener na wenzake walionyesha mwaka 2021 kwamba vijito na mito hutoa hewa ukaa asilimia 27 zaidi usiku kuliko mchana, kwa kuwa usanisinuru umelala na upumuaji unaendelea. Karibu sampuli zote za mkono duniani huchukuliwa mchana. Kwenye mito ya nusutropiki isiyo na kivuli, yenye mwani na mbolea ya mashamba, pengo la saa hizo ndilo la kwanza kutazamwa.

Na pale mto unapokauka kazi haijaisha. Keller na wenzake, mwaka 2020, walikadiria kwamba matandiko makavu ya mito, maziwa na mabwawa yanaongeza takriban asilimia 6 kwenye utoaji wa maji ya bara. Kwenye mito ya msimu, tope lililoachwa wazi na kuloweshwa na mvua ya kwanza hupumua kwa mlipuko uleule wa Birch, kwenye mita za mraba ambazo ramani ya maji haizihesabu tena.

Kama fedha zinatosha vihisi viwili tu vya kudumu, visiwekwe kwenye mto mkubwa. Kimoja kikae kwenye kijito cha juu kabisa, ndani ya mita 50 kutoka chemchemi, pamoja na kipima kina kinachorekodi kila dakika 10. Cha pili kikae mita 300 hivi chini yake. Pungufu kati ya viwili, likisahihishwa kwa maji mapya yanayoingia njiani, ndilo gesi iliyoondoka, na linapimwa usiku, kwenye mvua na sikukuu bila mtu kuwapo. Utando wa kila kihisi usuguliwe kwa brashi laini kila juma wakati wa joto: kamasi ya bakteria inayoota juu yake hutoa hewa ukaa yake yenyewe, na namba inapanda polepole kwa namna inayofanana kabisa na mwanzo wa msimu wa mvua. Andika saa ya kila usafi kwenye daftari. Namba ikishuka ghafla saa hiyohiyo, data ya siku kadhaa kabla yake haifai, na ikatwe.